Gigmai na Safu ya Masale

Ilikuwa mwaka tisini na saba Bonifas Gigmai alipokwenda Uingereza kucheza raga ya kulipwa. Hapana, tusidanganyane, ilikuwa tisini na sita. Tisini na saba ndio ule mwaka wa ukame, baridi ya usiku ikaunguza viazi vitamu na mchana jua likamalizia, watu wakachimba mizizi ya porini, na wakati huo Gigmai alikuwa yuko huko tayari, maana alituma fedha ya mchele na magunia yakashushwa mbele ya kanisa kila mtu akiyaona. Basi ni tisini na sita. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, au ishirini na mitatu. Mama yake alihesabu umri wa wanawe kwa nguruwe waliozaliwa mwaka mmoja nao, na nguruwe wale wameliwa zamani.

Alikuwa mtu wa Simbu, huko milimani Papua Nyugini, wa ukoo wa Wadingaku, upande wa chini wa mto, saa nzima kwa mguu kutoka barabara kuu iendayo Goroka. Hakuwa mrefu. Alikuwa mfupi, mnene wa mapaja, na shingo iliyoanzia masikioni. Raga anayoijua ni ile ya watu kumi na watatu, ambayo mkiangushwa mara sita mnautoa mpira, wenzenu nao wajaribu bahati yao. Hiyo ndiyo raga ya Papua Nyugini, na anayeuliza kama kuna nyingine ataambiwa akapumzike kivulini. Kazi ya Gigmai uwanjani ilikuwa kuangusha watu. Kukimbia na mpira aliwaachia wengine. Yeye aliwangoja wale wakubwa, wenye uzito wa ng'ombe, akawaingia magotini kwa bega la kulia, mara thelathini, mara arobaini, kila Jumapili.

Timu iliyomchukua ilikuwa ya daraja la pili, mji mdogo wa Yorkshire uliokuwa na machimbo ya makaa ya mawe kabla machimbo hayajafungwa. Nyumbani walidhani amekwenda kuokota dhahabu. Kumbe fedha ya raga ilitosha kodi ya chumba na mkate, na siku za kazi Gigmai alikuwa kiwandani akikunja mazulia. Jumanne na Alhamisi mazoezi, Jumapili mechi, Jumatatu asubuhi mazulia tena, na vidole vimefungwa plasta viwiliviwili. Tope la kule ni baridi. Hilo ndilo alilokuwa akisimulia zaidi ya magoli na makombe: kwamba tope la kwao Simbu likikushika linakuwa na joto kidogo, kama mkono wa mtu, lakini la kule linakushika kama maiti.

Aliyemfulia jezi alikuwa mama mmoja mzee aitwaye Dorin. Siku moja baada ya mechi akamkaribisha jikoni kwake, akampa kikombe.

"Wewe si ndiyo unatoka kwenye mashamba ya kahawa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nambie, hii ikoje?"

Gigmai akaonja. Akakunja uso. "Mama, sijui nikwambie nini. Sisi tunailima tu. Hatujawahi kuinywa."

Mama Dorin alicheka mpaka akashika meza. Halafu akamwonyesha pakiti, na bei yake iliyobandikwa pembeni, na Gigmai akaipiga hesabu kwa ile fedha ya kwao iitwayo kina, akaona kwamba pakiti ile ndogo ni kilo nzima ya kahawa ya mama yake. Alikunywa kikombe mpaka chini ingawa ilikuwa chungu.

Alikaa kule miaka kumi na mmoja. Likizo ya tisini na tisa alirudi akamwoa Filomena, binti wa Waboro, watu wa upande wa juu wa mto. Ndoa hiyo ilifurahiwa sana, kwa kuwa Wadingaku na Waboro walipigana zamani za baba zao, wakamaliza vita kwa kupanda masale, mimea ya mpaka yenye majani mekundu, ukingoni mwa mto. Huku wao, kule wale. Na masale yakishapandwa, mkono wa mtu mmoja hauyagusi tena. Baada ya harusi Gigmai akarudi kwenye mazulia na magoti ya watu. Goti lake mwenyewe la kushoto lilipasuliwa, kisha la kulia. Daktari wa pili alimwambia ana magoti ya mzee wa miaka sabini, akamwuliza kama amekuwa akipiga magoti sana kanisani.

Akarudi moja kwa moja mwaka elfu mbili na saba. Wakamchinjia nguruwe kumi na wawili. Wakamwimbia. Kabla hata hajalala usingizi mmoja mzima, vijana wa Wadingaku walikuwa mlangoni.

"Kaka, gombea ubunge. Jina tayari unalo."

"Nimechoka, ndugu zangu."

"Sasa si ndiyo vizuri? Bungeni watu wanalala! Ndiko mahali pa kuchoka!"

Gigmai akacheka, akakataa. Alitaka kitu kimoja tu: kinu cha kahawa. Watu wote wa bonde lile walimenya kahawa yao kwa mkono, kila mtu kivyake, wakaianika kwenye turubai kando ya njia, mbwa wakalala juu yake, kisha wakamwuzia mnunuzi wa barabarani anayekuja na mizani yake mwenyewe. Gigmai alitaka wamletee ikiwa mbichi, nyekundu, siku hiyo hiyo ya kuchuma, aimenye kwa mashine, ailoweke, aioshe kwa maji safi, aikaushe juu ya vitanda vya waya. Kahawa ya namna hiyo, alisema, ndiyo ile ya pakiti ya mama Dorin. Akanunua mashine. Magoti yake mawili yalikuwa ndani ya mashine ile, na bega, na vidole viwili visivyokunjika tena. Hakubakiza kitu benki.

Tatizo lilikuwa tambarare. Upande wa Wadingaku ni mteremko mtupu. Ukiweka kikapu chini kinaondoka. Mwenye tambarare alikuwa baba mkwe wake. Kwetu mtu hatamki jina la mkwewe, na kwa kuwa Gigmai hajalitamka mpaka leo, si vizuri sisi tulitamke kwa niaba yake. Alimwita Mkwe, na yule mzee alimwita yeye hivyo hivyo, Mkwe. Alikuwa mzee mkavu, mwenye meno mekundu ya popoo, anayependa mzaha, na hakuna aliyejua mzaha wake unaishia wapi.

"Anika hapo," alimwambia Gigmai, akionyesha kwa kidevu uwanja wa nyasi ng'ambo ya mto, upande wa Waboro. "Jua linafika mapema, halina pa kwenda pengine."

"Nikupe nini, Mkwe?"

"Nipe wajukuu wengine. Wawili ni wachache, wanakwisha upesi."

Basi. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na shahidi. Ilikuwa ardhi ya kuazimwa kwa mdomo, kama watu wanavyoazimana moto.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili, mwaka elfu mbili na tisa, ukaanza vizuri zaidi. Alikuja mama mmoja kutoka Lae, mnunuzi wa kahawa, Bi Sanangke, mtu wa pwani, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa njia zetu. Akachukua punje za Gigmai, akazinusa, akazitafuna kavu kama karanga. Akasema: nijazie kontena moja la kahawa ya kuoshwa namna hii, ikauke sawasawa, iwe tayari Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane. Ukinijazia, nitakuwa nakuja kwako kila mwaka. Usiponijazia, kuna watu wengine, na mimi nina meli ya kuiwahi.

Kontena moja ni tani kumi na nane. Wadingaku wote pamoja, wakichuma hadi ya mwisho, wangetoa saba. Zilizobaki ziko mitini kwa Waboro. Gigmai alilijua hilo, Filomena alilijua, hata watoto walilijua: bila Waboro, hakuna kontena, na bila kontena, kinu kitakuwa bati la kuimbia mvua.

Mwezi wa sita Filomena alikwenda Goroka kumwuguza dada yake aliyelazwa hospitali. Gigmai akabaki peke yake na kinu. Aliamka kabla ya jogoo, akapokea kahawa, akapima, akamenya, akageuza iliyo vitandani, jioni akafunika, na magoti yakimwuma kila anapoinama. Halafu nguruwe wakaingia. Waliangusha vitanda viwili, wakakanyaga kazi ya wiki nzima. Kesho yake dereva wa lori akarudi nyuma bila kutazama akapita juu ya kitanda cha tatu. Gigmai alisimama akitazama punje zilizosagwa na matope, na mwili wake wote ukawa kama dakika ya sabini na tano ya mechi iliyokwisha kupotea, ambapo mtu anaangusha kwa mazoea tu.

Akachukua panga. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kichaka cha masale, mtu akikata shina akalichomeka ardhini linashika hata likichomekwa kichwa chini. Akakata sitini. Akaanza kuyapanda kwa mstari, kutoka mtoni kuzunguka ule uwanja hadi kwenye njia ya lori.

Mkwe alikuja akiwa na mti wake wa kuchimbia begani. Akaketi juu ya jiwe, akatia popoo kinywani na chokaa kidogo.

"Mkwe, umechoka," akasema.

"Nimechoka, Mkwe."

"Hata mimi. Nimechoka kwa kukutazama."

"Nguruwe wameniharibia, Mkwe. Na lori."

"Nilisikia. Nguruwe hana leseni, lakini yule dereva je?" Akacheka peke yake. Akatazama shina likiingia, na lingine. "Haya mekundu yanashika upesi. Udongo wa hapa mzuri."

"Ndiyo maana nimeyachagua. Hayataki maji, hayataki mbolea."

"Hayataki kitu," akasema Mkwe.

Panga likawa zito kwa kuchimbia. Mkwe akamrushia mti wake. Safu ilipofika kwenye lile jiwe, mzee akasogeza mguu ili shina lipate nafasi. Akakaa mpaka la mwisho, akachukua mti wake, akaaga vizuri, akapanda kwake. Gigmai alirudi nyumbani akala viazi vilivyopoa na samaki wa kopo, akalala na viatu.

Jumatatu Waboro hawakuleta kahawa. Gigmai akafikiri kuna msiba. Jumanne hawakuleta. Jumatano alipanda hadi kwa shemeji yake Tobias, kaka wa Filomena, mtu wa maneno mengi, ambaye kila mkutano wa Waboro hauanzi asipokohoa. Alimkuta amekaa mbele ya nyumba anachonga mpini.

"Shemeji, kuna nini? Siku tatu sijaona mtu wa huku."

"Hakuna kitu, shemeji. Kahawa haijaiva."

Gigmai akatazama nyuma ya nyumba. Matawi yalikuwa yameinama kwa wekundu. "Na ile pale nyekundu ni nini?"

"Ile?" Tobias akageuka akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. "Ile ina haya tu."

Kisha akampa Gigmai kiazi cha kuchoma, akamsindikiza mpaka njiani, akamshika mkono vizuri. Adabu ile ndiyo iliyomtia Gigmai hofu, maana Tobias siku zote akimwona humtukana kwanza.

Wiki ya pili ikapita hivyo. Wanunuzi wa barabarani wakaonekana wakipanda kwa Waboro na magunia matupu, wakishuka yamejaa. Jumamosi mchana Filomena akarudi. Alishuka garini kiondo kimening'inia kichwani, akavuka daraja la magogo, akasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Mgonjwa hajambo?"

"Mgonjwa hajambo, anakula. Nauliza nani amekufa, maana naona mpaka. Ni baba? Baba yangu amekufa, mkagawana ardhi mimi nikiwa Goroka?"

"Filo, ni uzio tu. Wa nguruwe."

"Uzio wa nguruwe ni wa miti ya kuchongwa. Huu ni uzio wa watu, Boni! Umepanda masale kwenye ardhi ya kuazimwa! Kuanzia mtoni! Umewaambia ndugu zangu, huku kwangu, kwenu kule!"

"Mbona kwa mama Dorin kila nyumba ina—"

"Usiniletee Uingereza! Kule ulikuwa unaangusha watu. Hapa unapanda. Bora ungeangusha!"

Gigmai alijisikia kama mtu aliyeingiwa ubavuni na mchezaji ambaye hakumwona. Ni kweli. Mtoto wa miaka sita wa bonde lile analijua jambo hilo kabla hajajua kusali. Yeye alizaliwa nayo, baba yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioyapanda yale ya mtoni, na siku ile alikuwa ameyaona kama majani tu, majani yanayoshika upesi. Akaenda kwenye safu, akakamata shina la kwanza alinyofoe. Filomena akamrukia, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Ukiling'oa peke yako umeita vita. Unataka vita juu ya wizi?"

Akaliachia. Ndivyo lilivyo jambo hilo: yakiachwa ni kunyang'anya, yakinyofolewa na mtu mmoja ni kuvunja amani. Wa kuyang'oa ni pande mbili pamoja, mkono wa huyu na mkono wa yule kwenye shina moja, baada ya nguruwe kuliwa na tumbo la mwenye hasira kupoa. Na tumbo halipozwi kwa haraka, lina ratiba yake.

Gigmai akatuma neno kwa Mkwe. Jibu lilikuja kwamba Mkwe hayupo, na moshi ukitoka kwenye paa lake. Akatuma kwa Tobias. Tobias akasema lazima Waboro wakae kwanza peke yao. Wakakaa siku nne. Kisha wakasema mkutano wa pande mbili uwe Jumatano. Jumatano hiyo ikawa ndiyo ile mechi ya tatu ya raga ya majimbo mawili ya Australia, na kwetu hiyo si siku ya kupatanisha watu. Nyumba moja mume anavaa bluu, mke anavaa nyekundu, wanapikiwa mbalimbali. Mkutano ukasogezwa. Wiki iliyofuata akafa katekista. Ukasogezwa. Iliyofuata mvua ikachukua daraja. Gigmai alikuwa akikaa kinuni jioni, mashine imefunikwa turubai, akizisikiliza kahawa za Waboro zikidondoka zenyewe, au labda alidhani anazisikia.

"Nenda ukalale," Filomena akamwambia.

"Nikilala nitaamka. Ndiyo shida."

Mkutano ulifanyika Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane, siku moja kabla ya Bi Sanangke kuja. Gigmai alileta nguruwe watano. Wawili walikuwa wake; watatu aliwapata kwa ndugu zake Wadingaku, nao walimpa huku wakinung'unika kwamba mtu aliyelala vitanda vya Uingereza amesahau hata nyasi za kwao. Waboro waliketi upande wao, Wadingaku upande wao. Mkwe aliketi nyuma kabisa akitafuna popoo, akitazama milima.

Tobias akakohoa.

"Shemeji yangu," akaanza, "tulikuwa tukikusikia kwenye redio ukiwaangusha Wazungu. Tukasema, huyo ni wetu, amemwoa dada yetu. Hatukujua unafanya mazoezi ya kutuangusha sisi. Na umetuangusha bila mpira!"

Waboro wakacheka. Wadingaku nao, kidogo, wakitazama chini.

"Nimekosa, shemeji," Gigmai akasema. "Sikuwa na nia. Nilichoka, nikapanda."

"Mtu akichoka analala!"

"Mwongezee hapo!" akapaza sauti mama mmoja wa Waboro. "Mume wangu amechoka miaka ishirini, hajapanda hata kitunguu!"

Wakacheka tena, na safari hii kicheko kilivuka upande wa pili. Tobias akanyoosha mkono. "Sikiliza. Umeangushwa na nguruwe, ukaangushwa na lori, na mkeo, na mvua, na katekista, na mimi sasa. Mara sita zimetimia. Toa mpira, shemeji."

Gigmai akainuka kwa taabu, akamkabidhi kamba za nguruwe. Mawe yakatiwa moto, shimo likajazwa, wakala wote. Mchana watu wa pande mbili wakajipanga wawiliwawili kwenye safu, Mdingaku na Mboro, wakanyofoa shina moja moja. Yalikuwa yameshika sana. Mengine yalihitaji watu wanne. Gigmai alinyofoa lake na Tobias, na Tobias akamtukana kwanza, ndipo Gigmai akajua yameisha.

Ijumaa asubuhi wakasikia nyimbo. Waboro walikuwa wakishuka mlima, wanaume kwa wanawake, magunia mgongoni, viondo vichwani, kahawa yote iliyobaki mitini mwao wameichuma tangu alfajiri. Wakaimwaga mbele ya kinu, rundo jekundu, bichi, lina umande. Wakasimama wakihema, wakitabasamu, wakingoja. Na nyuma yao lori la Bi Sanangke likawa linaingia.

Bi Sanangke alishuka. Akaona magunia makavu ya Gigmai yaliyopangwa, akayahesabu kwa macho, tani sita na kitu. Akaona lile rundo. Akainama, akaokota punje moja, akaibonyeza, maji matamu yakamchuruzikia vidoleni.

"Bwana Gigmai," akasema polepole, "hii ni nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu. Lakini siwezi kupakia kahawa inayotoa maji."

"Nipe wiki tatu."

"Mimi ningekupa. Meli haijui wiki tatu."

Watu wa Waboro hawakuelewa mara moja. Mama yule wa kitunguu akauliza, "Anasemaje? Hazitoshi? Tupande tukachume nyingine?" Bi Sanangke alichukua zile sita, kwa bei ya kawaida, akazichanganya na za watu wengine, akampa Gigmai mkono wa pole. Mwaka uliofuata hakuja. Walisema amepata watu upande wa Hagen.

Gigmai hakufunga kinu. Kahawa ile nyekundu aliimenya yote, akaiosha, akaikausha, maana huwezi kuliacha jasho la watu lioze mbele yao, kisha akaiuza Goroka kama wauzavyo wote. Tangu hapo mashine huzunguka miezi miwili kwa mwaka, miezi kumi imefunikwa. Aliweka uzio wa miti ya kuchongwa. Siku za Jumapili huketi pembezoni mwa uwanja, ametanguliza miguu yote miwili, akiwafokea wanaoangusha watu kwa mikono badala ya bega. Wakimwuliza habari za Uingereza husimulia tope. Wakimwuliza habari za biashara husema, "Inakwenda," kama mtu anavyosema juu ya goti.

Watu hawakumsumbua tena kwa jambo lile, lililiwa likaisha. Ila yeye mwenyewe kuna kipande kilichomkwama. Alimwuliza Filomena, Filomena akasema ana nguo za kufua. Alimwuliza Tobias, na Tobias, ambaye hajawahi kukosa neno, akatazama mpini wake. Mwaka wa tatu Mkwe akaugua kifua, na Gigmai akapanda mlima kumwona, akipumzika kila hatua ishirini. Alimkuta ameketi kwenye jua, blanketi mabegani. Wakaongea mvua, wakaongea wajukuu, ambao sasa walikuwa wanne. Mkwe akasema wanne ni afadhali. Kisha Gigmai, akitazama ardhi kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe, akamwuliza:

"Mkwe, siku ile ulikuwepo toka mwanzo, ukiniona. Mbona ulininyamazia?"

"Nilidhani unasema nami, Mkwe," akajibu mzee, "na mtu akisema husikilizwa mpaka mwisho."